Mdhamini wa Mgeni

Tulimwita Mama Nukta, kwa sababu mwanafunzi aliyesahau nukta mwisho wa sentensi alikatwa maksi, na aliyebisha alikatwa zaidi. Mimi nafundisha hesabu, na meza yangu katika chumba cha walimu imepakana na yake, kwa hiyo haya sikuletewa na upepo.

Fahari yake ilikuwa somo moja, barua ya kuomba kazi. Kila mwaka aliwasomea darasa la mwisho barua ileile, nao wakanakili: "Mimi ni kijana mchapakazi, mwaminifu na mwenye kujituma." Kisha akawapa sheria yake ya mwisho: mdhamini awe mtu anayekujua kweli, asiwe mjomba mwenye cheo. Karani wa benki alinakili barua hiyo, na muuza dawa wa mtaani vilevile. Mama Nukta akiwapita huwaonyesha kwa kidevu: "Yule wangu. Na yule." Zile barua zilizoishia kufungia misumari dukani hakuziulizia.

Muhula uliopita akaja mwalimu mpya wa lugha, binti aliyewahi kufundishwa na Mama Nukta huyohuyo. Mkuu wa shule akampa nusu ya madarasa. Watu husema mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji wetu aliugua.

Binti alifundisha barua kwa njia yake. Mwanafunzi mmoja aliketi mezani akijifanya bosi, kapu la taka miguuni. Wenzake walimsomea barua zao, na iliyomchosha aliitupa kapuni. Hapo mwenye barua aliambiwa, "Haya, tuambie kitu ulichokifanya kweli." Msichana mmoja akasema yeye ndiye hufungua duka la shangazi yake kila Jumamosi, na hajawahi kukosea chenji.

"Basi andika hilo," binti akamwambia.

Tuliyaona haya dirishani, mimi na Mama Nukta, tukijifanya tunatafuta chaki. Bahati mbaya, aliyefuata alianza, "Mimi ni kijana mchapakazi." Bosi akapiga miayo, barua ikaenda kapuni, na darasa zima likaangua kicheko. Tulirudi bila chaki.

"Umeona? Watoto wa watu wanafundishwa maigizo."

"Nimeona wanaandika, dada."

Alininunia wiki nzima. Wivu ulimkaba na hakujua kuuficha. Binti akimwamkia, aliitikia huku anatazama ukuta. Binti akichemsha chai, yeye alikuwa na kiungulia. Kiungulia hicho kilipona kila nilipochemsha mimi.

Ndipo ikatangazwa nafasi ya mkuu wa idara ya lugha. Mama Nukta alikuwa akiimezea mate tangu mzee aliyeishika alipoanza kulalamikia magoti. Mkuu wa shule, mtu wa taratibu kuliko saa ya ukutani, akataka kila mwombaji alete barua na jina la mdhamini. Waombaji wakawa wawili, na msomaji anawajua.

Asubuhi moja Mkuu akaingia chumbani kwetu na karatasi mkononi. Binti alikuwa darasani.

"Mwalimu," akamwambia Mama Nukta, "mwenzako amekuandika wewe kuwa mdhamini wake. Najua na wewe umeomba. Lakini utaratibu unanitaka nikuulize."

Mama Nukta akalisoma jina lake mwenyewe, akalirudia. Akanigeukia. "Huyu mtoto ana wazimu?"

"Ameshika sheria yako tu," nikamjibu. "Anayekujua kweli, asiwe mjomba."

Hesabu yake ilikuwa rahisi, hata mimi niliipiga. Neno moja tu, tena la upole, "bado mchanga," na nafasi ni yake. Nililiona likimjia mdomoni. Akamrudishia Mkuu karatasi, nami nikaanza kumwonea huruma, jambo ambalo si kawaida yangu.

"Anafundisha vizuri," akasema.

Mkuu akaandika.

"Vizuri kuliko mimi. Ndiyo maana simpendi."

Kalamu ikasimama. "Hilo la mwisho nalo niliandike?"

"Andika yote," akasema Mama Nukta, akivuta rundo la madaftari yake. "Na uweke nukta."