Kona ya Pechiyammal

Thangarasu alikuwa na mdomo wa kuudhi na vidole vinne katika mkono wa kushoto. Cha tano alikiacha ujanani chini ya gurudumu la gari la Mama, mungu wa kike wa hekalu letu, na ukimwuliza anakwambia siku hiyo Mama aliamka na njaa. Mimi nauza nazi langoni, kwa hiyo nilimpata kila asubuhi. "Ewe muuza nazi," ananiambia, "hizi ulizinunua lini, wakati hekalu linajengwa?"

Kazi yake ilikuwa kutupa kabari. Gari la Mama ni kama hekalu letu lenyewe, ila la mbao: ghorofa juu ya ghorofa kama ule mnara wa mashariki, wapiga ngoma na simba wamechongwa kila ubao, na magurudumu yake yanampita mtu kwa kimo. Katika joto la mwezi wa Chithirai Mama hutolewa kwenye chumba chake cha mawe, hupandishwa juu, na mji mzima tunamvuta kwa kamba kupita zile barabara nne zinazozunguka ukuta. Usukani halina. Likitaka kuingia sebuleni kwa mtu, wa kulikatalia ni mwenye kabari. Anakimbia mbele ya gurudumu, anatupa gogo lake la mkwaju lililopakwa mafuta, kisha anaruka pembeni na vidole alivyobaki navyo.

Tunavyosimuliana sisi, mfalme aliyejenga hekalu aliwapa waashi mawe mengi na maji kidogo. Mjane mmoja wa kona ya kaskazini akawa anawapelekea mtindi mwepesi wenye chumvi na tangawizi, bila kuwatoza. Siku moja akatokea mwashi mwanamke ambaye hakuna aliyemfahamu, mikono imejaa vumbi la mawe, akanywa chungu kizima. "Kila mwaka nitapita kwako kunywa," akasema, na waashi wakamtambua kuwa ni Mama. Mfalme amejaza jina lake kwenye kuta zote. Mjane yumo kwenye nguzo moja tu ukumbini, mdogo, kashika chungu chake, na pua imekwisha kwa kuguswaguswa. Mimi nampenda yeye kuliko mfalme. Basi mpaka leo gari likifika kona ile husimama lenyewe, wala halisogei kabla Mama hajapewa mtindi.

Anayempa ni Pechiyammal, wa ukoo wa yule mjane, bibi asiye na mume wala mtoto. Mwaka mzima ni kikongwe anayegombana na mbuzi wa jirani. Siku hiyo moja ni mwenyeji wa Mama, anavaa sari ya hariri, na hata mbuzi wanampisha.

Mwaka huu ofisa mpya wa hekalu alilifungia gari breki za chuma. Akatangaza kwamba watu wa kabari wapumzike, kwamba Thangarasu atavishwa shali ya heshima, na kwamba gari halitasimama popote njiani, maana jua la mchana linaua watu. Jioni Thangarasu akaja kwangu, akakaa juu ya nazi zangu bila kuzitukana. Nikajua kuna jambo.

"Dada Pechi kaniambia, gari likimpita atajua kachokwa. Anasema hatakoroga mtindi tena, hatatoka tena nje."

"Si litasimama lenyewe?"

Akanitazama kwa huruma. "Tangu lini gari likasimama lenyewe? Baba aliniachia kabari kubwa ya kulisimamisha pale kwa Dada Pechi, na akaniambia nifunge mdomo."

Nilihuzunika, sikufichi. Mtu mzima na mvi zangu, nilikuwa bado naamini. Nikamwambia, "Basi kamweleze ukweli."

"Nimweleze nini? Kwamba mgeni wake miaka yote ni mimi?"

Siku ilipofika wakamkalisha Thangarasu kwenye kiti cha plastiki karibu na lango, shali shingoni, uso umekunjamana. Mimi nilikuwa kwenye kamba. Breki zilifanya kazi vizuri, lazima niseme, na gari likakunja kona ya kwanza na ya pili bila kumgusa mtu. Tulipoikaribia nyumba ya Pechiyammal nikamwona mlangoni na chungu chake, mdogo kama yule wa kwenye nguzo. Nikaachia kamba. Nilijua nitasukumwa na kukanyagwa kwa ujinga wangu, nikafumba macho.

Hakuna aliyenisukuma. Nilipofumbua, kamba ilikuwa imelala chini barabara nzima, na kila mtu anatazama vidole vyake.

"Vuteni," ofisa akaita kwenye kipaza sauti. "Mbona hamvuti?"

"Sisi tunavuta, bwana," akajibu mama mmoja muuza maua, mikono kaikunja kifuani. "Gari ndilo halitaki."

Pechiyammal akaja taratibu. Kuhani akainama kutoka juu, akapokea mtindi, akampa Mama, akamrudishia chungu. Ndipo tukaokota kamba.

Thangarasu alifika anahema, shali inaburuta nyuma yake, machozi hayajifichi.

"Umeona, dada? Kasimama mwenyewe. Safari hii kasimama mwenyewe."

"Safari hii?" Pechiyammal akamtazama juu mpaka chini. "We mtoto, mimi nakaa hapa konani. Gogo kubwa kama mbuzi linaanguka mlangoni kwangu kila mwaka, unadhani silioni?"

Thangarasu akaidaka shali iliyokuwa inamtoka shingoni.

"Ulijua?"

"Tangu enzi za baba yako."

"Sasa ulivyonitia hofu juzi, kwamba Mama kakuchoka?"

"Nilimtaja Mama mimi? Mama simhofii, tunaongea kila siku. Niliwahofia nyinyi."

Akamsukumia chungu. Kilikuwa na mabaki kidogo chini. Thangarasu akakinywa chote, akajipangusa kwa shali ya heshima, akasema chumvi imezidi.