Mkate wa Mchoraji

Mchoraji wetu wa ramani za injini za treni za mizigo ana wino mpaka kwenye kucha, na asubuhi hamsemeshi mtu kabla hajachonga penseli tatu. Boila jipya la mvuke likiwashwa moto mara ya kwanza, sisi wote husogea nyuma hatua ishirini, lisije likapasuka. Yeye hushuka kutoka ofisini, akasimama ubavuni mwa boila akiota joto, akala mkate wake na kitunguu. “Mzee, siku moja utaiva pamoja na hicho kitunguu,” humtania Wendt, mchochea moto wetu. Yeye hutafuna tu.

Safari hii watu wa reli walitaka injini ivute shehena kubwa zaidi ya makaa ya mawe kutoka migodi ya Ruhr, lakini iwe nyepesi, maana daraja lao limechoka. Akapunguza unene wa mabamba ya boila, akafuta, akapunguza tena. Leo tumeliwasha. Mshale wa kipimo cha mvuke ulipopita namba saba nikamtafuta pale pake pa siku zote, sikumwona. Alikuwa nyuma yetu, mlangoni, mkate mkononi haujang’atwa.

“Mzee, leo huli?” Wendt akauliza.

“Sina njaa.”

Wendt alimtazama kidogo, akachukua koleo, na bila kungoja amri ya mtu akaenda kuuchota moto wote kutoka chini ya boila.