Saa za Wageni

Mke wangu hajui kukaa bure. Ukimwachia Jumapili tupu, saa nne utaikuta imeshapangwa. Kazi yake ni kupanga safari za watalii: siku tatu mbugani, siku nne pwani, nani alale wapi, gari gani limchukue. Kazini wanamwita Bi Ratiba. Mimi ndiye niliyeoa ratiba yenyewe. Hata ugomvi wetu lazima uishe kabla ya saa tatu usiku, maana baada ya hapo imeandikwa kulala.

Karatasi zake za kazini zina safu mbili za saa. Moja ya wageni, wanaohesabu kuanzia usiku wa manane, na moja ya madereva, wanaohesabu kama mimi na wewe. Mgeni akiandikiwa saa 5 asubuhi, dereva anaandikiwa saa 11 alfajiri, na ni wakati uleule. Kwa miaka kumi na tisa hajazichanganya hata mara moja, na hachoki kutukumbusha.

Baba yake alikuwa fundi magari wa kampuni hiyohiyo. Miaka thelathini na moja alilala chali chini ya magari yaliyotoka mbugani, na mbugani penyewe hakuwahi kufika. Alipajua kwa matope. Akiyakwangua kwa bisibisi alikwambia: haya meusi ni ya mtoni, haya mekundu ni ya barabara ya mlimani, dereva kapita njia ndefu. Mwaka huu magoti yalianza kumgomea.

"Mwanangu," alimwambia mke wangu, "nipeleke nikaone matope yangu yanakotoka, kabla sijashindwa kupanda gari."

Alilisema kama mzaha, lakini hakucheka.

Basi mke wangu akaomba likizo, akakaa mezani na kalamu. Siku moja tu mbugani, kisha pwani, na asubuhi yake boti ya kwenda kisiwani. Mbugani tuondoke saa tisa alasiri bila kukosa. Nakala akampelekea dereva.

Siku ilipofika, saa kumi na moja alfajiri tulikuwa barazani pa nyumba tuliyolala karibu na mbuga, mabegi miguuni. Ikafika saa moja, ikafika saa tatu. Simu ya dereva ilikuwa imezimwa. Mke wangu alizunguka baraza akiapa kwamba mtu huyo akitokea atamla mzima mzima, bila chumvi. Mzee alikaa, kofia mapajani. Nilimwonea huruma, maana wanyama huonekana asubuhi na mapema, na yeye alilijua hilo.

Saa tano kamili gari likaingia, limeoshwa linang'aa.

"Ndiyo saa ya kuja hii?" mke wangu alifoka.

Dereva akashangaa. "Dada, si umeandika mwenyewe?"

Akatoa karatasi. Safu moja tu, mwandiko wa mke wangu: kuondoka, saa 5 asubuhi. Mkono ulikuwa umezoea wageni.

Mke wangu akaisoma mara mbili, kisha akaigeuza nyuma kutafuta safu ya pili. Ningecheka, lakini machozi yalikuwa yameshamlengalenga.

"Kinyozi hajinyoi," alisema baba yake, akajikongoja kuelekea garini. "Haya, twendeni."

Jua lilikuwa utosini. Tuliona swala watatu kivulini na ngiri mmoja aliyetuonyesha mkia akatokomea. Kila baada ya kona mke wangu alisema, "Nisamehe, baba," na mzee akamjibu kwamba hajafa mtu. Saa nane na nusu tukafika mtoni. Mzee akachungulia dirishani, akayatazama yale matope meusi kwa muda mrefu.

"Ni yenyewe," akasema.

Saa tisa ikafika, na mnyama hakuna. Mke wangu akaitazama karatasi.

"Baba, muda umekwisha. Tutaikosa boti."

"Wageni wako huwa wanaondoka saa hii?"

"Ndiyo, baba."

"Basi wao waende zao. Mimi si mgeni hapa, mwanangu. Nimeosha matope ya hapa miaka thelathini na moja. Acha na mimi nikae kidogo."

Mke wangu akaikunja ile karatasi, akawapigia watu wa boti kuwaambia kwamba kesho hatuji. Dereva alinitazama kwenye kioo; hata yeye hakuamini masikio yake.

Saa kumi na robo tembo wakatoka vichakani, kumi na wawili, na ndama mmoja aliyekuwa anaukanyaga mkonga wake mwenyewe. Mzee akaushika mkono wa binti yake.

"Kumbe ni wakubwa hivi," mke wangu alinong'ona.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba hata yeye alikuwa hajawahi kuwaona.