Siku Jina la Mjomba Lilipotolewa

Kwetu Wamwera mjomba ndiye anayepokea wageni wa posa. Mama atalia, baba atakohoa, lakini neno la mwisho ni la mjomba. Wangu alikuwa mnunuzi wa ufuta na korosho Nachingwea mjini, na wakulima wa Mkotokuyana walimletea mazao yao bila kwanza kupita kwa mnunuzi mwingine.

Mwishoni mwa miaka ya tisini rafiki yake alifungua kampuni ya kupokea akiba za watu na kuwakopesha. Alimwomba mjomba awe mkurugenzi, maana mjomba aliaminika. Akakubali. Baadaye alipoona mambo hayaeleweki alimuaga rafiki yake, akajitoa, akarudi kwenye ufuta. Kumbe kampuni haikuwa na leseni, na yule rafiki hakuwahi kumwondoa kwenye makaratasi. Ilipoanguka, Benki Kuu iliiweka kwenye orodha ya wanaoangaliwa, kampuni pamoja na wakurugenzi wake, mjomba akiwemo.

Tulijua alipokwenda benki msimu wa korosho ulipoanza.

"Mzee, siwezi kukuhudumia," karani alimwambia. "Agizo limetoka juu."

"Juu wapi?"

"Dar es Salaam."

"Nikifika huko nimwone nani?"

"Hata mimi sijui, mzee wangu."

Alikwenda Dar es Salaam, akaeleza, akaandikisha maelezo yake, akaambiwa asubiri wachunguze. Alirudi na matope mpaka magotini, kwa sababu basi lilikuwa limekwama njiani. "Hawakunitukana," alituambia. "Walinisikiliza vizuri kabisa." Nadhani hilo ndilo lililomchosha zaidi. Hakuwa na mtu wa kugombana naye.

Akiwa bado anasubiri, nilichumbiwa na kijana wa Ruangwa. Siku ya wageni kufika, mzee wao alimvuta mama pembeni.

"Shemeji, hatuna ubaya na kaka yako. Ila maneno ni mengi. Tungeomba atupokee mwingine."

Mjomba alikuwa nyuma ya mlango, amevaa kanzu mpya. Alimwita mdogo wake, akamwambia, "Nenda ukakae wewe." Kisha akavua kanzu, akaenda uani kuwasaidia wanaume waliokuwa wakichuna mbuzi. Mimi nilikuwa chumbani nimefunikwa kanga, nikisikia yote. Bibi harusi mtarajiwa hasemi siku hiyo. Niliuma kanga.

Miaka ikapita. Nikawa mwalimu Ruangwa, nikazaa, simu za mkononi zikafika. Mchana mmoja mjomba alinipigia.

"Mpwa wangu, wamenitoa! Wametutoa mimi na kampuni. Tangazo limo gazetini."

Nilikwenda Nachingwea wiki hiyohiyo. Nilimkuta amenyoa ndevu, anataka tangazo lisomwe kwenye mkutano wa mtaa. Nilimwambia, "Mjomba, si uende benki tu, yaishe?" Akanijibu, "Benki wanajua. Wasiojua ni watu."

Mwenyekiti wa mtaa alilisoma baada ya habari za bomba la maji. Alilisoma lote, neno kwa neno: kwamba kampuni fulani na watu wafuatao, waliokuwa chini ya uangalizi, wameondolewa. Mjomba alisimama ili aonekane. Wachache walipiga makofi. Halafu mama mmoja kijana, aliyehamia mtaani juzijuzi, akamuuliza mwenziwe kwa sauti tuliyoisikia wote:

"Kwani huyu baba aliiba nini?"

Wengi pale walikuwa wageni, au walikuwa watoto wakati ule. Hawakuwa na habari kabisa. Sasa walikuwa nayo. Nilinyanyuka nikataka kueleza, lakini mwenyekiti alikwisha kuingia kwenye suala la takataka, na hata mimi sikujua ningeanzia wapi.

Jioni hiyo mjomba hakula. Kesho yake nilimsindikiza mpaka benki. Alisimama nje kidogo, akitazama watu wakiingia na kutoka.

"Twende nyumbani, mwanangu," alisema. "Nimechoka kujieleza."

Nilimshika mkono tukavuka barabara.