Kiroba cha Magome

Mke wangu alipokwenda Dodoma kumlea binti yetu aliyejifungua, aliniachia mti mmoja na kazi moja. Mti ni mkuyu wa miaka kumi na mmoja ambao haujafika hata magotini mwangu, kwa kuwa anaupogoa makusudi ubaki mdogo. Umepandwa kwenye bakuli pana la udongo wa kuchoma, na shina lake ni nene kuliko kifundo cha mkono wangu. Watu wa mtaa wetu wa Maisaka wakiuona hucheka kwanza, kisha huinama kuutazama vizuri. Kazi ilikuwa kumwandalia magome ya paini, maana udongo wa kwenye bakuli ulikuwa umechoka na umeshikana, na yeye alitaka kuuhamishia mti kwenye mchanganyiko mpya wa magome na changarawe.

"Uandae magome tu, Baba Watoto," aliniambia stendi, mguu mmoja tayari uko ndani ya basi. "Mti wenyewe usiuguse. Nitaupanda mimi nikirudi."

Nikasema sawa. Mimi ni mtu wa kusema sawa upesi.

Nimeendesha malori miaka thelathini, na kukaa nyumbani sikuwahi kujifunza. Macho yalipoanza kunionyesha taa mbili mahali penye moja, nilirudisha funguo kwa tajiri nikaja kuishi kwangu kama mgeni. Sikujua sufuria zinakaa wapi. Ule mti ndio ulioishi na mke wangu. Aliuchomoa kwenye ufa wa tangi la maji ukiwa na majani matatu, mwezi ule niliosema naenda Tunduma siku nne nikakaa wiki saba. Hakuwahi kunitupia jambo hilo usoni, lakini nilikuwa nalijua, na liliniuma. Nilitaka akirudi akute mume wake amekuwa mtu wa nyumbani.

Nikaanza kwa pupa. Siku ya pili tu nilikuwa kwa wapasua mbao upande wa Bagara, naomba mabanzi, yale mapande ya pembeni yanayobaki na magome yake.

"Shikamoo mzee. Unapikia?" mmoja akaniuliza.

"Marahaba. Hapana, ni ya kupandia mti."

"Mti unakula mti?" Wakacheka mpaka msumeno ukazimwa.

Nilibandua magome kwa panga uani, nikayatwanga kwenye kinu. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, maana makande ya wiki ile yalinukia utomvu na niliyala peke yangu kama adhabu. Kisha nikayaloweka kwenye diaba. Maji yalitoka meusi kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Kila asubuhi nikamwaga, nikatia mengine, mpaka yakaanza kuwa maangavu. Hapo ndipo magome yanapoingia kwenye kiroba, yakiwa na unyevu kidogo, yanawekwa kivulini, yanageuzwa mara moja kwa wiki. Miezi mitatu. Mbichi yananyima mizizi chakula, mke wangu alinieleza. Lazima yaoze kidogo, yasioze sana.

Mara moja kwa wiki! Mimi niligeuza kila siku, na Jumapili mara mbili, kabla ya kanisa na baada. Wali ukifunuliwa kila dakika hauivi, hilo hata mimi nalijua, lakini mikono ilikuwa inawasha. Akipiga simu aliuliza, "Unageuza mara ngapi?" Nami nikajibu, "Kama ulivyosema."

Pamoja na fujo zangu zote, magome yaliiva. Yakawa meusi, yananukia msitu uliopigwa na mvua, na ukiyabana yanavunjika bila ubishi. Nikayachekecha mara mbili, kwanza kwa wavu wa matundu makubwa, halafu kwa ule mdogo. Makubwa yakarudi kinuni, vumbi nikalimwaga kwenye mchicha kwa sababu linaziba njia ya maji, na nikabaki na yale ya kati, yenye saizi ya punje ya mahindi. Nilijaza kiroba. Nilijisifu peke yangu kwa sauti.

Jioni ile ile simu ya mke wangu ikaingia. Mtoto anasumbuliwa na tumbo, binti hajapata nguvu, kwa hiyo yeye anaongeza mwezi mmoja huko.

Mwezi mzima na kiroba kimejaa! Mvua zilikuwa zimekaribia. Kutoka Nakwa watu walikuwa wanapeleka samadi mashambani kwa matoroli, kila mtu ana jembe begani, na mimi nimekaa kwenye stuli nautazama mti. Nikavumilia siku tano. Ya sita nikaung'oa.

Mizizi niliikata kama nilivyowahi kumwona akifanya. Changarawe niliichanganya. Lakini nilipotazama ule mchanganyiko, mkavu, unapitisha maji kama chujio, roho ilikataa. Humu mti utakula nini? Huku kwetu mtu akichimba shimo lolote, hata la nguzo ya uzio, mkono unatafuta samadi. Baba yangu aliniambia kupanda bila samadi ni uvivu, na mimi mvivu sitaki kuitwa. Nikaenda kwa jirani anayefuga ng'ombe, akanipa ndoo nzima kutoka zizini, mbichi, bado inafuka. Nikatia makopo mawili, nikashindilia.

Siku ya tisa tangu nipande, majani yakawa ya njano. Ya kumi na mbili yakaanza kudondoka.

"Mkuyu wangu haujambo?" mke wangu akauliza kwenye simu.

"Haujambo."

Nilimwambia hivyo mara tatu ndani ya wiki moja, na kila mara majani yaliyoanguka yalikuwa miguuni pangu. Nilihamisha bakuli juani, nikalirudisha kivulini, nikamwagilia, nikajuta kumwagilia. Maji yalikuwa yamezidi unga. Nilizunguka uani mpaka kuku wakanizoea. Halafu nikampigia dereva mwenzangu wa zamani, nikamwuliza kama anahitaji utingo wa kwenda Singida. Akadhani ni utani, akacheka, akasema njoo kesho. Nikafunga begi.

Begi lilipokuwa mlangoni, nikaona aibu kali. Hivi ndivyo nilivyofanya miaka yote. Mtoto akiugua, paa likivuja, mimi niko barabarani. Sasa hata mti umenishinda na nakimbia.

Nikampigia mke wangu. "Mama, mti unakufa. Niliupanda."

Akauliza, "Umetia samadi?"

"Nimetia."

"Nakuja Ijumaa."

Ijumaa hakunisalimia vizuri. Alivua viatu vya safari, akapiga magoti uani na kitenge chake kizuri, akang'oa mti. Aliosha mizizi kwenye ndoo; mingi ilikuwa imeunguzwa na samadi mbichi, myeusi na inateleza, akaikata mmoja mmoja, na kila mkasi uliponena mimi nilifumba macho. Tawi la kushoto, lile kubwa, lilikuwa limekauka hadi ndani. Akalikata pia.

"Magome yalibaki?"

Nikamletea nusu kiroba. Akachota, akafikicha, akanusa.

"Haya umeyaweza," alisema. "Mimi mwenyewe sijawahi kuyatoa hivi." Akayarudisha kirobani. "Nilitaka uyaandae halafu unisubiri. Hicho tu. Mimi nimekusubiri mara ngapi?"

Aliniambia nishike shina wima yeye amimine, nikashika. Mgongo uliniuma, nzi alitua usoni, sikuachia mpaka aliposema basi.

"Utapona?" nikamwuliza.

"Sijui. Kaa hapa tuone."

Begi nililifungua mwenyewe, nikarudisha nguo kabatini. Baada ya wiki nyingi chipukizi dogo lilitoka upande wa kulia. Upande wa kushoto haukurudi, na mti umekaa kombo mpaka leo. Wiki iliyopita mgeni mmoja aliuinamia, akamwuliza mke wangu huku kushoto kulitokea nini.

"Ah, huko," akasema, akinitazama. "Mwaka huo mume wangu alikuwa nyumbani."