Barua ya Pampu Kupitia Tabora

Bado naikasirikia ile amri, na sioni sababu ya kuacha. Miaka ya vijiji vya ujamaa nilikuwa karani wa tawi la chama cha ushirika pale Goweko. Makao makuu yetu yalikuwa Tabora mjini, na huko ikaamuliwa kwamba tawi lolote lisiandike barua nje kwa jina lake. Urambo, Goweko, sote tupeleke barua zetu masjala ya Tabora. Huko zipigwe taipu upya kwenye karatasi yenye jina la makao makuu, zigongwe muhuri, ndipo ziende zinakokwenda. Eti ni kulinda heshima ya chama.

Basi pampu ya maji ya kijiji ikaharibika. Kilichokwisha ni kipande cha ngozi cha ndani, kitu cha kuenea kiganjani. Ghala la vipuri lilikuwa Dodoma, mashariki yetu. Tabora iko magharibi. Kwa hiyo barua yangu ilitakiwa ipande treni kwenda magharibi ikabadilishwe karatasi, kisha ipande treni nyingine, ipite stesheni yetu ileile, ndiyo ifike Dodoma. Wakati huo akina mama wanachota maji bwawani pamoja na ng'ombe, na watoto wanaharisha.

Barua ikarudishwa kutoka masjala. Walitaka kichwa chake kiseme pampu, si maji. Nikarekebisha. Ikarudi tena, safari hii nakala zilikuwa pungufu. Nilitukana peke yangu ofisini, na mimi si mtu wa matusi.

Jirani yangu, mama mmoja aliyekuwa mjumbe wa nyumba kumi, alikuja kuuliza kulikoni. Nikamwamkia, nikamweleza habari za masjala. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama watu wa Dodoma hawawezi kusoma barua iliyotoka Goweko. Siku hiyohiyo niliandika moja kwa moja kwa jina la tawi, nikaipeleka stesheni mwenyewe. Ngozi ikaja ndani ya bahasha. Fundi akaifunga, maji yakatoka, vigelegele vikasikika hadi ofisini.

Makao makuu walipopata habari, hawakuuliza kama watoto wamepona. Waliagiza kipande kile kifunguliwe, kirudishwe Dodoma, kisha kiombwe upya kupitia Tabora. Niliisoma barua ile zaidi ya mara moja kwa sababu sikuamini kwamba mtu mzima, mwenye watoto wake, alikaa kitini akaiandika.

Nikaenda kumsomea mama mjumbe. Nilimkuta kwenye pampu, ndoo yake imefika nusu. Aliendelea kupampu nilipokuwa nasoma.

"Mwanangu," akasema, "waambie waje kuifungua wenyewe. Waje asubuhi, tukiwa kwenye foleni."

Niliyaandika maneno yake vilevile, nikayatuma Tabora. Hakuja mtu kugusa pampu. Waliyemng'oa Goweko ni mimi.