Bibi Harusi Aliyeendesha Lori

Juzi niliingia duka moja pale Chikongola kununua uzi, nikakuta rafu nzima ya watoto wa bandia. Wana kope, wana mikunjo ya vidoleni, ukiwabeba shingo zinalegea kama za vichanga. "Hawa si wa kuchezea, dada," muuzaji akaniambia. "Ni wa kina mama. Unawakusanya mmoja mmoja. Mwanamke gani hapendi kulea?" Nilicheka mpaka akanishangaa. Ndugu yangu, ungekulia Likombe, uani kwa bibi yangu, nawe ungecheka.

Msimu wa korosho ua wote ulinuka moshi na mabibo yaliyoiva. Tukishamaliza kuokota, bibi alitushonea watoto wa vitambaa: kipande cha kanga, sufi ndani, macho ya uzi mweusi. Alitushonea wote, wa kike kwa wa kiume, na wote tuliwabeba mgongoni. "Jembe halimuulizi anayelishika," ndivyo alivyozoea kusema.

Mwaka mmoja tukawaandalia watoto hao harusi. Bibi harusi alikuwa wangu, bwana harusi alitoka kwa watoto wa mtaa wa Mtawanya. Lo, shamrashamra zile! Muhogo unatokota kwenye kopo, madebe yanalia, shela ni kipande cha chandarua! Nami nilikuwa na jambo langu. Nilishatengeneza lori la bati, magurudumu ya ndala kuukuu, na nilitaka bibi harusi aliendeshe mwenyewe kumfuata mumewe.

Watoto wa Mtawanya wakagoma. "Bibi harusi anatulia, anafunikwa! Mkifanya hivyo tunaondoka na bwana wetu."

Mama jirani, aliyekuja kuazima kinu, akawaunga mkono. "Mwanangu, mtoto wa kike kazi yake kulea. Lori la nini?"

Wageni walishaanza kumfungasha bwana harusi kwenye leso. Bibi yangu akaweka ungo chini, akamgeukia jirani.

"Mwenzangu, mumeo alipougua, nani alisukuma baiskeli yenye magunia ya korosho mpaka ghalani?"

Jirani akajibu, "Si mimi?"

"Na watoto nani alibaki nao?"

"Yeye, kitandani pale pale." Akajishika kiuno, akaangua kicheko. "Haya, dereva, washa gari!"

Nikashika mti wa kusukumia, nikateremka kilimani mbio, vumbi nyuma, shela linapepea, mdomo wangu ukinguruma kama injini! Watoto wa Mtawanya wakasahau ugomvi wakakimbia nami na bwana wao. Kule chini bwana harusi akapakizwa kando ya dereva, tukapanda naye mpaka uani.

Jioni msichana mwenye bwana harusi alibaki nyuma ya wenzake, akaniuliza ndala zinakatwaje mpaka zikawa duara. Tukakaa chini na kisu cha bibi, nikamwonyesha, akakata yake. Jina lake limenitoka, ila furaha yake gurudumu lilipozunguka ninaiona.

Mteremko ule sasa umejaa nyumba na kuta. Bibi ametangulia mbele za haki, jirani naye. Watoto wetu wa sufi waliliwa na mchwa. Ninachokitamani zaidi ni sauti ile: wanawake wawili wazima, mikono ina utomvu wa korosho, wakimpigia vigelegele mtoto wa kitambaa aliyeshika usukani.